Linux ipi nianze nayo? Chagua distro kabla hujamaliza bando

"Kaka, nianze na Linux ipi?" Naulizwa hivyo kila wiki, na tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna siku naulizwa mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Muulizaji ama ana laptopu ya mtumba iliyokataliwa na Windows 11, ama ameona video ya kijana aliyevaa kofia ya sweta akiandika herufi za kijani kwenye skrini nyeusi. Mimi nami humrudishia maswali: mashine gani, kazi gani, bando kiasi gani? Jibu zima ni refu kuliko ujumbe wa simu, ndiyo maana nimeliandika hapa. Fuata hatua kwa mpangilio. Wanaoruka hatua ya 1 ndio hao hao wanaonipigia saa tano usiku.

Nadharia ni aya hii moja tu. Linux yenyewe ni kerneli, yaani moyo wa mfumo, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Distro ni kerneli hiyo ikiwa imefungwa pamoja na programu nyingine na kundi fulani la watu, wakaipa jina. Distro zinatofautiana kwa mambo matatu yenye uzito: mwendo wake wa kubadilika, namna ya kuweka programu, na eneokazi (desktop, sura unayoiona kwenye skrini) linalokuja nayo. Mengine unayoyasikia yakibishaniwa ni ya Simba na Yanga.

Andaa hivi kwanza

- Flashi ya GB 8 au zaidi. Jihadhari na flashi feki za mtaani: imeandikwa GB 64, ndani ina 4. Inapokea faili lote bila kulalamika, halafu usakinishaji unakufa katikati. Ipime kwa programu ya H2testw ukiwa Windows, au f3 ukiwa Linux.
- Flashi ya pili au diski ya nje kwa ajili ya nakala za mafaili yako. Hii si hiari.
- Bando la GB 3 hadi 6 la kupakulia, na jingine la GB 1 au 2 la masasisho ya kwanza.
- Simu na waya wa USB unaopitisha data. Waya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu. Jaribu wako sasa hivi, utauhitaji Wi-Fi ikigoma.
- Betri inayokaa walau saa moja, au umeme wa uhakika.
- Mahali pengine pa kusomea maelekezo haya, kwa sababu hiyo laptopu itakuwa mezani ikifanyiwa upasuaji.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Ukiwa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Chukua karatasi, andika mambo matano.

Kwanza, aina ya mfumo. Ukiona "x64-based PC" uko salama. Ukiona "x86-based PC", huenda ni Windows ya biti 32 tu imewekwa kwenye prosesa ya biti 64, kwa hiyo angalia jina la prosesa kabla ya kukata tamaa. Kama ni biti 32 kweli, milango inafungwa: distro ya Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Kilichobaki ni vitu kama antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12.

Pili, RAM. Tatu, "BIOS Mode", yaani namna mashine inavyowaka: ni UEFI au Legacy. Nne, diski: ni ya kuzunguka au ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka? Kwenye Windows 10, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, utaona imeandikwa. Tano, kadi ya Wi-Fi: fungua Device Manager, tazama chini ya "Network adapters". Intel na Atheros mara nyingi hazisumbui. Realtek inategemea na modeli. Ukikuta Broadcom, usiogope, ila weka alama. Tutakutana nayo huko chini.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kama diski yako ni ya kuzunguka, fedha ya SSD itakusaidia kuliko distro yoyote. Kuna mwalimu mstaafu aliniletea HP ya i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4. Kazi zake: kutunga mitihani, kuchapisha, na kusikiliza taarabu YouTube jioni. Nikamwekea distro ya Linux Mint yenye eneokazi la Cinnamon. Siku ya tatu akarudi: "Mwanangu, imekuwa nzito kama ya zamani." Nikafungua kivinjari mbele yake, kurasa tano, kisha terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`free -h`

RAM ilikuwa imejaa na mfumo umeanza kutumia diski kama RAM. Taa ya diski haikuwa ikipepesa tena, ilikuwa imewaka moja kwa moja. Nikabadilisha eneokazi kuwa Xfce, lililo jepesi zaidi. Nafuu ikaonekana, kidogo. Tukaweka SSD ya GB 240, na hapo ndipo mwalimu aliponyamaza na kuanza kuandika. Distro haikuwa na kosa tangu mwanzo. Kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari, na kivinjari ni kilekile kila mahali.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi unazofanya, si unazotamani

Andika programu ulizofungua wiki hii. Kisha tenganisha.

Kila kinachofunguliwa ndani ya kivinjari, yaani barua pepe, WhatsApp Web, mifumo mingi ya ofisi na vyuo, kitakwenda kama kawaida. Kuandika, majedwali na slaidi utafanya kwa LibreOffice. VLC, Telegram, GIMP, Audacity na OBS zote zipo.

Visivyokwenda ni hivi: Photoshop, Microsoft Office ile ya kusakinisha, programu nyingi za uhasibu na za duka zilizoundwa kwa ajili ya Windows pekee, na baadhi ya michezo yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu: Valorant na Fortnite hazikubali Linux. Kuna Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows, lakini usijenge riziki yako juu yake kabla hujaijaribu. Kama duka lako linaendeshwa na programu moja ya Windows, weka Linux kwenye mashine nyingine.

Hatua ya 3: Amua unataka mwendo gani

Hapa ndipo distro zinapoachana kweli.

*Zinazotulia.* Programu zinabaki na toleo moja kwa miaka, unachopokea ni viraka vya usalama. Ubuntu LTS, yaani toleo la huduma ya muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na huhudumiwa miaka 5. Ukijisajili Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, inafika miaka 10. Debian nayo hutoka takribani kila miaka miwili na kuhudumiwa miaka 5 kwa jumla. Linux Mint 22 inatumia msingi wa Ubuntu 24.04, kwa hiyo una nafasi hadi 2029.

*Za katikati.* Fedora hutoka karibu kila miezi sita, na kila toleo huhudumiwa kama miezi 13.

*Zisizosimama.* Arch na openSUSE Tumbleweed hazina toleo jipya wala la zamani. Kila siku kuna kitu kimebadilika.

Watu huzungumzia hizi za mwisho kana kwamba suala ni ujasiri. Kwetu suala ni bando na umeme. Mashine ya Arch uliyoifungia kabatini miezi miwili wakati wa likizo itakudai GB kadhaa siku utakapoiwasha, na kama umeme utakatika kerneli ikiwa inaandikwa na betri imekufa, utapata somo ambalo hukujiandikisha. Kama intaneti yako ni ya kupima kwa MB, chagua inayotulia. Sioni sababu ya kulipamba hilo.

Hatua ya 4: Sasa chagua jina

*Unaanza kabisa.* Chukua Linux Mint. RAM GB 8 au zaidi, chukua Cinnamon. GB 4, chukua Xfce. Menyu iko chini kushoto ulikoizoea, kuna kidirisha cha draiva, na programu ya Timeshift ya kurudisha mfumo ulivyokuwa jana inakuja nayo. ISO yake, yaani faili unalopakua la kusakinishia, ni karibu GB 3, nusu ya Ubuntu 24.04 inayokaribia GB 6. Kwa mtu anayenunua bando, hiyo tofauti si ndogo.

Ubuntu yenyewe, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004 (jina ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa: ni utu), inafaa sana kama una RAM GB 8 na unataka maelekezo mengi ya kusoma, maana karibu kila programu inayotolewa kwa Linux huandikiwa maelekezo ya Ubuntu kwanza. Habari njema: mengi ya hayo yanafanya kazi kwenye Mint pia. Jua tu kwamba Ubuntu hukuwekea baadhi ya programu, Firefox ikiwemo, kwa mfumo wa Snap, ambao faili zake ni kubwa na kwenye diski ya kuzunguka hufunguka taratibu. Mint iliukataa mfumo huo tangu toleo la 20. Zorin OS nayo ni nzuri kwa aliyezoea sura ya Windows. Siipingi.

*Mashine dhaifu, RAM GB 2 au chini.* Lubuntu kama prosesa ina nguvu kidogo, antiX kama ni ya kuonea huruma. Usitarajie miujiza kwenye kurasa nzito. Inafaa kwa kuandika, kusoma PDF na kusikiliza muziki.

*Unasomea programu au unataka kazi ya seva.* Ubuntu LTS au Debian kwa sababu ndizo utakazozikuta kwenye seva za kukodi. Kama ofisi unayoilenga inatumia familia ya Red Hat, zoea Fedora nyumbani na AlmaLinux au Rocky Linux kwenye seva. Hizi mbili zilizaliwa baada ya kutangazwa kwamba CentOS Linux 8, nakala ya bure ya Red Hat, itasitishwa mwisho wa 2021, jambo lililowaacha watu wengi na seva zenye miaka mingi ya kazi na muda mfupi wa kuhama.

*Umeshazoea, unataka kujua kilichomo ndani.* Una njia tatu, na kila moja inakufundisha kitu tofauti.

Debian inakufundisha uvumilivu na usafi. Kisakinishi chake kidogo hakifiki GB 1, lakini usidanganyike: eneokazi linapakuliwa wakati wa kusakinisha, kwa hiyo bando litaendelea kuliwa. Tangu Debian 12, firmware za Wi-Fi (programu ndogo zinazoiwezesha kadi kufanya kazi) zimo ndani ya kisakinishi rasmi, na ule usumbufu wa zamani wa kutafuta faili moja kwenye flashi ya pili umepungua sana.

Arch inakufundisha kila kiungo kinakaa wapi, kwa sababu unaviunganisha wewe. Kuna `archinstall` inayofupisha kazi, ila nakushauri mara ya kwanza ufuate maelekezo kwa mkono, amri baada ya amri. Maelezo ya tovuti ya ArchWiki ni mazuri kiasi kwamba hata watumiaji wa Mint huyasoma. Sheria moja usiivunje: usiweke programu kwa `pacman -Sy` peke yake. Ni `pacman -Syu` au usifanye kitu siku hiyo, la sivyo utakuwa na mfumo nusu wa leo nusu wa mwezi jana. Na vifurushi vya AUR, ghala la jumuiya ya Arch, vinaandikwa na watumiaji wenzako. Fungua faili la PKGBUILD ulisome kabla ya kulikubali.

Tumbleweed inafaa kwa anayetaka vitu vipya lakini analala vizuri usiku: inapiga picha ya mfumo kila unaposasisha, na kitu kikiharibika unachagua picha ya jana kwenye menyu ya kuwashia. Kwa maoni yangu watu hawaipi heshima inayostahili.

*Kali Linux.* Nimeiacha mwisho makusudi, maana ndiyo inayotajwa na vijana wengi. Kali ni sanduku la vifaa vya wapimaji wa usalama, na walioitengeneza wenyewe wanasema haifai kwa anayeanza Linux wala si mfumo wa matumizi ya kila siku kwa kila mtu. Mpwa wangu aliiweka akiwa amemaliza kidato cha sita. Wiki nzima ilikwenda akitafuta sababu ya Wi-Fi kugoma; hakujifunza usalama wala chochote. Kama ndiyo ndoto yako, weka Mint au Debian, kisha iendeshe Kali ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. Hapo ukiiharibu unaifuta na kuanza upya kabla chai haijapoa.

Kuna kigezo kimoja kinachoshinda vyote nilivyotaja: kama rafiki yako wa karibu, fundi wa mtaani au mwalimu wa chuo anatumia Fedora, na yuko tayari kukusaidia, chukua Fedora. Mtu wa kumwendea na laptopu mkononi hana mbadala.

Hatua ya 5: Pakua, kisha hakiki

Pakua kutoka tovuti rasmi ya distro yenyewe. Ukipewa orodha ya seva, chagua iliyo karibu; kama hakuna ya nchi yako, jaribu Kenya au Afrika Kusini. Intaneti ikiwa ya kukatikakatika, tumia torenti, inaendelea pale ilipoishia. Kama una rafiki mwenye ISO tayari, iazime. Hiyo ni halali kabisa, Linux imeruhusiwa kusambazwa.

Uliyopewa au uliyopakua, ihakiki. Ukiwa Windows fungua terminali kwenye folda yenye faili, andika:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Ukiwa Linux ni `sha256sum jina-la-faili.iso`. Utapata msururu mrefu wa herufi na namba; ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti rasmi. Tofauti ya herufi moja ina maana faili halifai. Hatua hii ni ya dakika mbili na karibu kila mtu anairuka. Baadaye analaumu distro.

Hatua ya 6: Choma flashi, jaribu bila kusakinisha

Kuchoma ni kuiandika ISO kwenye flashi; tumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kama hujaamua kati ya distro mbili tatu, tumia Ventoy: unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha unanakili ISO kadhaa kama mafaili ya kawaida, na wakati wa kuwasha inakuuliza unataka ipi. Flashi itafutwa yote, toa vilivyomo kwanza.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibonyezabonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: HP ni F9 (au Esc kwanza), Dell na Lenovo nyingi ni F12, Asus mara nyingi Esc. Kwenye Acer ni F12, ila nyingi huja zikiwa zimeizima ndani ya BIOS; ingia kwa F2 uiwashe.

Ukifika kwenye eneokazi, usikimbilie kubonyeza kitufe cha kusakinisha. Kaa nusu saa. Unganisha Wi-Fi. Cheza video ya YouTube, usikie sauti. Washa kamera. Punguza na kuongeza mwanga wa skrini. Funga mfuniko wa laptopu, ufungue: imeamka? Chomeka printa yako. Chomeka modemu ya laini kama unatumia. Nyingi zinaonekana kwenye menyu ya mtandao bila ile programu yake ya Windows. Kumbuka flashi ni ya polepole, usiihukumu kasi.

Kitu muhimu kikigoma hapa, jaribu distro nyingine yenye kerneli mpya zaidi, kwa mfano Fedora, kwa utaratibu huo huo. Hii ndiyo njia halisi ya kuchagua. Umeshaona kwa macho yako, kwenye mashine yako.

Hatua ya 7: Sakinisha

Nakili mafaili yako nje. Kisha fungua hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifuta picha za harusi ya shemeji yangu. Nilikuwa na "nakala", ila folda ilikuwa na njia za mkato tu, picha zenyewe zilibaki kwenye diski niliyoifuta. Hadi leo kwenye sherehe za ukoo mimi ndiye nabeba viti.

Kama unaondoa Windows kabisa, chagua "Erase disk" na kazi ni nyepesi. Kama unataka zote mbili:

1. Ukiwa Windows, angalia kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa. Ikiwa ndiyo, hifadhi ufunguo wa kurejesha nje ya mashine, au uizime kwanza na usubiri imalize.
2. Zima ile "Fast startup", kisha zima mashine kwa amri `shutdown /s /t 0`. Usipofanya hivyo Windows inalala badala ya kuzima, na Linux itakataa kuandika kwenye diski yake.
3. Punguza sehemu ya Windows kwa kutumia `diskmgmt.msc`, si kwa kisakinishi cha Linux. Acha nafasi tupu ya GB 50 au zaidi. GB 20 zinatosha kuingia, hazitoshi kuishi.
4. Washa flashi kwa namna ileile Windows ilivyosakinishwa: UEFI kwa UEFI, Legacy kwa Legacy. Ndiyo maana nilikwambia uandike.
5. Chagua kusakinisha kando ya Windows. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, soma orodha ya sehemu zitakazoguswa. Kama hujaielewa, rudi nyuma. Hadi hapo hakuna kilichoharibika.

Kwa mzoefu: tenga `/home`, folda ya mafaili yako, kwenye sehemu yake. Siku ukihama distro, mafaili yanabaki.

Hatua ya 8: Siku thelathini za mwanzo

Sasisha mara moja ukiwa na chaji ya kutosha. Kwenye Mint fungua "Software Sources" uchague seva yenye kasi. Hapo hapo kuna kipimo. Washa Timeshift, ukijua kwamba kwa kawaida inalinda mfumo, haigusi nyaraka zako. Weka programu kutoka ghala la distro. Ukiona maelekezo yanakutaka ubandike amri yenye `sudo` (inayotoa mamlaka ya msimamizi) usiyoielewa, kwanza uliza kila neno linafanya nini.

Na usihame distro kwa siku hizo thelathini. Ugonjwa wa kuhamahama unamkamata kila mtu. Leo Mint, Jumamosi Fedora, Jumatano Arch, na mwisho wa mwezi bando limeisha na hujui hata kubadilisha ruhusa za faili.

Mambo yakigoma

*Wi-Fi haionekani kabisa.* Mara nyingi ni ile Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, laptopu itapata mtandao papo hapo. Kisha fungua "Driver Manager" kwenye Mint, au "Additional Drivers" kwenye Ubuntu, uchague draiva inayopendekezwa na uwashe upya.

*Skrini nyeusi baada ya kuwasha, hasa kwenye mashine za NVIDIA.* Kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia, bonyeza `e`, tafuta mstari wenye `quiet splash`, ongeza `nomodeset` mwisho wake, kisha F10. Ukiingia, weka draiva ya NVIDIA.

*Kisakinishi hakioni diski.* Huenda ndani ya BIOS namna ya kuisoma diski imewekwa kuwa Intel RST au RAID. Inatakiwa AHCI. Onyo: ukibadilisha ghafla bila kuiandaa Windows kwanza, Windows haitawaka.

*Flashi haiwaki.* Choma upya. Kama ulitumia Rufus, safari hii chagua namna ya DD. Bado? Badilisha tundu la USB, kisha badilisha flashi.

*Umeme ulikatika wakati wa kusasisha, sasa programu hazisakinishiki.* Kwenye Mint, Ubuntu na Debian:

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt --fix-broken install`

*Waraka wa Word umevurugika ndani ya LibreOffice.* Kawaida ni fonti. Weka fonti ya Carlito badala ya Calibri. Upana wa herufi unalingana. Kama unamtumia mtu asiyehitaji kuhariri, mtumie PDF.

*Saa ya Windows iko nyuma kwa saa tatu kila ukitoka Linux.* Linux inahifadhi saa ya dunia kwenye mashine, Windows inaisoma kama saa ya hapa. Ukiwa Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

*Bado umekwama na unataka kuniuliza.* Tafadhali usiniandikie "haifanyi kazi". Fungua terminali, andika `inxi -Fxz`, unakili majibu yote. Hiyo `z` inaficha namba za utambulisho wa mashine yako. Ongeza jina la distro na toleo lake, ulichokuwa unafanya, na maneno ya kosa kama yalivyo. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu pembeni mwa dirisha lenye jua sitaisoma.